Sindano Iliyokuwa Ikishuka

Kila Jumamosi Chiriku aliwahi gerejini kabla mama yake hajamaliza chai. Alifagia uwanja, akamwaga mchanga palipodondokewa na oili, kisha akazipanga spana mezani kuanzia ndogo hadi kubwa. Hakuna aliyemsukuma kufanya hivyo. Wenzake wa darasa la sita walipenda kulala siku hiyo. Yeye alipenda harufu ya dizeli, mlio wa vyuma na maneno ya watu wazima. Shuleni aliitwa kwa jina lake la kawaida, lakini nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo.

Gereji ilikuwa ya mama yake. Alikuwa fundi wa malori, na watu wa barabara ile walimwita Mama Dizeli. Ufundi alifundishwa na mumewe. Mumewe alipofariki, Chiriku akiwa bado ananyonya, ndugu walimshauri auze vifaa afungue duka. Hakuuza kitu. Alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono na miguu iliyomzidi urefu, akaingia chini ya magari. Mwanzoni madereva walimcheka. Baadaye walimpangia foleni.

Siku hiyo lori la kwanza kuingia lilikuwa lile alilofanyia kazi mjomba, mdogo wake mama. Mjomba alikuwa utingo, yaani msaidizi wa dereva. Alifunga turubai, aliweka vigingi kwenye magurudumu, alilinda mzigo. Aliruka chini hata kabla gari halijasimama sawasawa.

"Dada, shikamoo! Tumekuletea mgonjwa," alisema huku akicheka. "Mlimani tunapitwa na baiskeli. Jana kuku alivuka mbele yetu, akarudi kututazama vizuri, akaenda zake."

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Mjomba ndiye mtu pekee aliyeweza kumshinda kwa maneno.

Dereva hakucheka. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye kitambaa cha jasho shingoni, na barabarani alijulikana kwa jina la Chapuchapu. Hata akisalimia, mguu mmoja ulikuwa tayari unaondoka.

"Fundi, nina saruji ya watu inanisubiri," alisema. "Gari halina nguvu, linatoa moshi mweusi, na mafuta linayanywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Nifanyie haraka."

Mama aliwasha injini, akainamisha kichwa kusikiliza, akaizima.

"Huenda linashindwa kupumua," alisema.

"Gari linapumua, mama?" Chiriku aliuliza.

"Linapumua sana. Linavuta hewa mbele, linatoa moshi nyuma. Mtu ukimziba asitoe pumzi, hiyo nyingine ataivuta aiweke wapi? Bomba la moshi likiziba, moshi unarudi na kuisukuma injini. Injini inachoka, inachemka, inakosa nguvu. Sasa nataka kujua moshi unasukuma kwa presha kiasi gani."

Alifungua sanduku lake akatoa kipimo. Kilikuwa duara la kioo lenye namba na sindano, limeunganishwa na mpira mrefu. Aliingia chini ya lori, akafungua nati ndogo kwenye bomba karibu na injini, akafunga ncha ya mpira mahali pake. Kisha akatoka, akajifuta mikono, akatazama huku na huku.

Kazi ile ilihitaji watu wawili, mmoja akanyage mafuta na mwingine asome namba. Fundi msaidizi alikuwa kwao anauguza jino, shavu limevimba kama aliyeficha chungwa. Mjomba alikuwa ametumwa dukani kufuata chujio la dizeli. Mama mwenyewe alitaka kukaa kwenye usukani ili asikie injini inavyolia.

"Mimi namba ndogo siku hizi sizioni," alisema Chapuchapu. "Macho ya karibu yalishaniaga."

"Mama, mimi ninaweza," alisema Chiriku.

Chapuchapu aliangua kicheko. "Ndiyo tumefika hapo? Lori zima linapimwa na mtoto wa shule?"

Chiriku alihisi masikio yanamwaka moto. Mama alimpa binti yake kipimo.

"Sikiliza," alisema. "Injini ikiunguruma polepole, sindano itakaa karibu na mbili. Nikikanyaga mpaka mwisho, haitakiwi kupita kumi. Ikipita kumi, bomba limeziba. Unitajie namba ya juu kabisa. Simama upande upepo unakotoka, usivute moshi, na macho yasitoke kwenye kioo."

Mama akapanda, akawasha. Chiriku alikishika kipimo kwa mikono miwili kama aliyepewa yai.

"Sasa?" mama aliita kutoka juu.

"Tatu!" alijibu.

Mama akaongeza mafuta kidogo. "Sasa?"

"Sita!"

Alimwona Chapuchapu akimtazama, na akasimama wima zaidi. Kisha mama akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikanguruma, ardhi ikatetemeka, na ghafla kutoka chini ya kabini, mahali bomba linapokunja, moshi wa moto ulichomoka ukampiga Chiriku usoni. Alifumba macho. Machozi yalimtoka, kifua kikamkaza, akakohoa. Alipofumbua, mama alikuwa ameshaondoa mguu, na sindano ilikuwa ikishuka. Aliiona ikipita kwenye nane.

"Imefika ngapi?" mama aliuliza.

Chiriku alitazama kioo. Hakujua imefika ngapi. Alijua tu kwamba aliiona kwenye nane ikiwa njiani kurudi. Neno moja lingetosha, mama angekanyaga tena. Lakini Chapuchapu alikuwa amekunja mikono kifuani, tabasamu lake liko tayari, na Chiriku alimsikia akilini mwake akisema: si nilisema?

"Nane!" alijibu.

"Nane? Una uhakika?"

"Ndiyo, mama."

Mama akazima injini. "Basi bomba ni zima," alimwambia dereva. "Tutafute kwingine."

Alibadilisha chujio la dizeli ambalo mjomba alikuja nalo, akasafisha chujio la hewa, ambalo kweli lilikuwa limejaa vumbi. Lori lilipowashwa lilinguruma vizuri kidogo. Chapuchapu aliridhika, au alikuwa na haraka ya kuridhika. Mjomba alimvuta Chiriku sikio kwa utani.

"Nimesikia umekuwa fundi mkuu," alisema. "Nikirudi nitakuita shangazi."

Chiriku alitabasamu kwa shida. Lori likatoka langoni. Aliliangalia mpaka likakata kona, halafu akaosha uso wake bombani. Masizi yalikuwa yamemganda kwenye kope. Mama alimuuliza kwa nini macho yake ni mekundu. Akasema ni vumbi la kufagia.

Simu ililia kesho yake mchana, mama akianika nguo. Chiriku alimwona akisikiliza, akaona shati linamponyoka mkononi na kuanguka kwenye mchanga.

"Anapumua?" mama aliuliza. "Niambie jambo moja tu. Anapumua?"

Walikwenda hospitali bila hata kubadilisha viatu. Mjomba alikuwa amelazwa kwenye wodi ndefu yenye vitanda vya chuma, uso umefunikwa na kifaa cha kumpa hewa. Midomo yake ilikuwa na rangi isiyo yake. Mama alimshika mguu kupitia shuka, akamwita kwa jina la utotoni. Mjomba hakufumbua macho.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwapeleka pembeni.

"Alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti cha dereva," alisema. "Gari lilikuwa linapanda mlima kwa muda mrefu, na moshi wa injini ulikuwa unaingia ndani. Ndani ya moshi huo kuna gesi isiyoonekana wala kunuka. Mtu akiivuta, inakaa ndani ya damu mahali pa hewa safi. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, na mtu anadhani amechoka tu. Dereva aliponea dirishani, alikuwa amelifungua."

"Atapona?" mama aliuliza.

"Yuko hai," alisema daktari. "Kwa sasa nitakuahidi hilo tu. Ubongo wake ulikaa muda mrefu bila hewa ya kutosha."

Nje ya wodi walimkuta Chapuchapu ameketi kwenye benchi, kitambaa cha jasho kimekunjwa mkononi. Alipomwona mama alisimama.

"Fundi, ulisema bomba ni zima!" alisema kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wageuke. "Ulisema mbele yangu! Nimemwita akafunge turubai, haitiki. Nikadhani ananitania, si unamjua alivyo. Nikamvuta mkono, ukaanguka kama wa mtu aliyekufa!"

"Nilipima," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipima. Ilikuwa nane."

Chiriku alisimama nyuma ya mama, ameshika upindo wa kanga yake. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Yeye aliyekuwa akigombezwa na walimu kwa kupiga soga darasani hakuweza kutoa hata moja.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Lori lilivutwa kwa mnyororo likarudishwa gerejini, likaegeshwa kwenye uzio, na hakuna aliyeligusa. Habari ilienea barabara nzima. Madereva waliokuwa wakisimama kila asubuhi sasa walipita moja kwa moja, wengine wakigeuza uso. Mama alishinda kwenye kigoda akiwaza kwa sauti. Labda bomba lilipasuka njiani. Labda nati haikukaza. Labda amezeeka kabla ya wakati. Jioni alikwenda hospitali, akarudi, akaketi mbele ya chakula bila kukigusa.

Chiriku naye hakula. Shuleni mwalimu alimuuliza kama anaumwa koo. Alikuwa akipanga kila asubuhi kusema, na kila asubuhi aliona ni bora kungoja mjomba apate nafuu kwanza. Mjomba alifumbua macho, akaanza kuongea taratibu, na Chiriku bado alingoja. Kadiri alivyongoja ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa kubwa, mpaka likawa halipiti mdomoni.

Jumamosi alifika gerejini akamkuta mama amekiweka kipimo juu ya chuma cha kugongea, nyundo mkononi.

"Unafanya nini, mama?"

"Kipimo hiki ni kibovu," mama alisema bila kumtazama. "Kimeniambia nane na si nane. Kimekaribia kuniulia ndugu yangu. Sitaki kije kimdanganye na mtu mwingine."

Akainua nyundo.

"Mama, usikipige! Hakikudanganya." Chiriku alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Ni mimi. Sikuona. Moshi ulinipiga usoni nikafumba macho, nilipofumbua sindano ilikuwa inashuka. Niliikuta kwenye nane. Sijui ilikuwa imefika wapi. Sijui, mama."

Nyundo ilishuka polepole, ikawekwa chini. Mama aliketi juu ya tairi kuukuu. Chiriku alingoja kupigwa, au angalau kufokewa. Mama akauliza kitu ambacho Chiriku hakukitegemea.

"Moshi ulikupiga usoni?"

"Ndiyo."

"Ukitokea wapi?"

Chiriku alinyoosha kidole kuelekea lile lori. "Pale bomba linapokunja. Chini ya kiti cha dereva."

Mama alifumba macho. "Hilo peke yake," alisema, "hata bila namba yoyote, ungeniambia hilo peke yake, gari lisingetoka hapa. Moshi hautoki ubavuni mwa bomba zima, mwanangu. Ukitoka hapo, umekosa njia. Nilikuuliza macho yamekuwaje. Ukasema vumbi."

Ndipo alipolia. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akilia, hata kaburini kwa baba walipokwenda kupalilia. Alitaka kumshika, akaogopa. Alisimama pale, mikono ikining'inia, akilia naye bila sauti.

Mama alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akachukua simu, akampigia Chapuchapu. Dereva alifika akiwa amenuna. Mama hakumkaribisha kukaa.

"Kipimo changu ni kizima," alimwambia. "Namba niliyokupa haikuonwa na mtu. Binti yangu alishindwa kuisoma, akaona aibu kusema. Na mimi sikurudia kupima, kwa sababu ulikuwa unanikimbiza na mimi nikakubali kukimbizwa. Gereji ni yangu, na kosa ni la gereji. Sasa tutapima upya mbele yako."

Chapuchapu alimgeukia Chiriku. Chiriku alitamani ardhi immeze, lakini aliinua uso.

"Nisamehe, baba," alisema. "Niliogopa utanicheka."

Dereva akasogea pembeni, akampisha mama.

Mama aliingia chini ya lori. Mahali bomba lilipokunja alikuta limepasuka, ufa mrefu mweusi kwa masizi. Juu yake, kwenye sakafu ya kabini, palikuwa na tundu ambalo zamani lilikuwa na mpira wa kuziba. Ndiyo njia ambayo moshi uliifuata mpaka kitandani kwa mjomba. Aliufunga ule ufa kwa bati na kamba ya chuma ili wapate kupima, akaunganisha kipimo, akakiweka mikononi mwa Chiriku.

"Mimi tena?" Chiriku alinong'ona.

"Wewe. Milango yote iko wazi, upepo unatoka mgongoni kwako. Soma."

Injini iliwaka. Tatu. Sita. Kisha mama akakanyaga mpaka mwisho, na sindano ikaruka kwa kasi ambayo Chiriku hakuitarajia. Ilitetemeka, ikafanya ukungu mbele ya macho yake yaliyojaa machozi.

"Imefika ngapi?"

Chapuchapu alikuwa amesimama palepale aliposimama siku ile.

"Sijaona, mama! Rudia!"

"Narudia!"

Injini ikanguruma tena. Chiriku alijifuta macho kwa bega, akakikazia kioo macho. "Sijaona vizuri! Mara moja tena!"

Mama akakanyaga tena, hakulalamika. Safari hii sindano ilipanda, ikapita kumi, ikapita ishirini, ikasimama ikitetemeka.

"Ishirini na sita!" Chiriku alipiga kelele.

Mama alizima injini.

Walifungua sailensa, lile pipa la chuma la kupunguza mlio ambalo moshi hupitia kabla ya kutoka nje. Mama aliwasha injini bila hilo pipa. Gari lililia kama simba, lakini sindano haikupita nne. Kizuizi kilikuwa humo. Alilikata pipa kwa msumeno wa chuma, na ndani walikuta vibati vimekatika na kulala kimoja juu ya kingine, masizi yakiwa yameshindiliwa katikati yake mpaka yamekuwa magumu kama lami. Nafasi iliyobaki isingepitisha hata kidole gumba. Gari lilipopandishwa mlimani na mzigo, moshi ulikosa pa kwenda, ukapasua njia yake kwenye ile kona.

Chapuchapu aliinama akaligusa lile pipa. Masizi yalimpaka vidole.

"Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu mwezi uliopita," alisema ghafla. Hakuwa anamtazama mtu. "Kila tukipanda mlima. Nikawa nafungua dirisha langu, basi. Utingo wangu aliniambia na yeye kinamuuma. Nikamwambia anywe maji, aache uvivu." Alijipangusa vidole kwenye suruali. "Sikuwahi kukwambia, fundi. Niliona utanichelewesha."

Mama alichukua kipande cha bati akaanza kupima tundu la sakafuni.

Mjomba alirudi nyumbani mvua zilipoanza. Daktari alisema ana bahati, na labda alikuwa na bahati, lakini haikuonekana hivyo. Alitembea akishika ukuta. Mikono yake ilitetemeka hata akiwa amekaa. Alianza hadithi zake za barabarani kwa uchangamfu, na katikati akasimama, akatazama mlango, akauliza alikuwa anasema nini. Kazi ya utingo iliisha. Daktari alisema huenda kumbukumbu itarudi kidogo kidogo, na huenda kiasi hicho ndicho kitakachobaki.

Siku ya pili mama alimchukua Chiriku kwa mkono akampeleka kibarazani, mjomba alipokuwa ameketi na kikombe cha uji.

"Mwambie," alisema.

Chiriku alipiga magoti akamwambia yote, moshi, nane, vumbi la uongo, na siku zote alizonyamaza huku mama akijilaumu. Hakuruka kitu. Mjomba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na Chiriku hakujua kama anamfuata.

"Uliogopa nini?" mjomba aliuliza mwishowe. Alisema polepole, neno baada ya neno.

"Kuchekwa, mjomba."

"Na Chapuchapu?"

"Ndiyo."

Mjomba alitikisa kichwa. "Angekucheka. Na mimi ningekucheka, ningekutania mpaka ukasirike." Alipumzika kidogo kupata maneno mengine. "Halafu mama yako angekanyaga tena. Basi. Ingekuwa imeisha hapo."

Chiriku alilia. Mjomba alinyoosha mkono kumshika kichwani, na ule mkono ulitetemeka kwenye nywele zake. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini sitakudanganya kwamba hainiumi. Nalipenda sana lile lori bovu."

Alitaka kuinua kikombe, uji ukamwagika kidogo kwenye shati. Chiriku alikishika upande wa pili, wakakipandisha pamoja mpaka mdomoni.

Mama aliketi ngazini, mgongo wake ukiegemea nguzo. Alikuwa bado amevaa ovaroli, maana kazi ilikuwa imeanza kurudi. Dereva wa kwanza kumleta mwingine alikuwa Chapuchapu, na sasa kila aliyefika alikuwa akiulizwa kama kichwa kinamuuma akiwa njiani, hata kama amekuja kuziba tairi.

"Sikukupiga," mama alisema, "kwa sababu hakuna fimbo inayolingana na unachokiona hapo kila siku. Lakini nisikie vizuri, maana sitairudia. Watu wanapanda magari na kulala usingizi kwa sababu mtu fulani amesema ameona. Fundi amesema ameona, daktari amesema ameona. Wao hawawezi kwenda kuangalia wenyewe, wanalitegemea lile neno. Kwa hiyo ukiulizwa, taja ulichokiona. Kama hukuona, sema hukuona. Kama umekosea jana, sema leo, usingoje nafuu ya mtu. Niambie hata nikiwa nimekasirika, hata kama kuna mtu pembeni anacheka. Nami nikikukimbiza, niambie nisubiri. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Umeelewa nini?"

Chiriku alifikiri. Zamani angejibu kabla swali halijaisha. Mjomba alikuwa ameachia kikombe, akimsubiri.

"Kwamba aibu ya kusema sijaona inapita," alisema, "na hii haipiti."

Mama alitazama mvua iliyokuwa inaanza kudondoka uani. Kisha aliinuka, akatoa kitambaa mfukoni, akampa binti yake amfute mjomba uji kifuani.